Mheshimiwa Meya, Mdogo Wangu

12 Februari

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta mzima huko kwenye bwawa mnalojenga, na kwamba dereva wa lori la chakula hajaitumia kufungia karanga zake.

Kaa chini kwanza. Nimekuwa meya.

Hata mimi nikisoma maneno hayo naona kama namsema mtu mwingine. Jana madiwani tulikutana kuchagua. Wagombea walikuwa wawili, yule mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na yule wakili anayevaa suti hata siku ya matope. Kura zikalingana. Zikapigwa tena, zikalingana tena. Watu wakaanza kutukanana kwa adabu, unajua wanasiasa wanavyotukanana, "mheshimiwa" mbele na tusi nyuma. Ndipo diwani mmoja wa upande wa sokoni akasimama, akasema, "Kwa nini tusimpe mama mkunga?" Nikacheka. Nilipomaliza kucheka nikakuta wenzangu hawacheki, wanahesabu.

Basi wakanivika joho jekundu lililoshonwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu, na mkufu mzito unaonivuta shingo. Nina ofisi yenye zulia, nina gari, nina dereva anayenifungulia mlango kabla sijajua kama nataka kushuka.

Nilifika nyumbani na mkufu wangu shingoni, Kipipa akacheka hadi akashika tumbo. Binti yako huyo hajambo. Mumewe yuko njiani na lori lake la mizigo kama kawaida, kwa hiyo amehamia kwangu mpaka ajifungue. Mtoto nitampokea kwa mikono yangu mwenyewe, meya au si meya. Na ile wodi ya wazazi tuliyohangaika nayo miaka yote, Kaka, sasa nitaipanua.

Niombee.

Mdogo wako

---

27 Februari

Mheshimiwa Meya, mdogo wangu,

Nimekaa kama ulivyoagiza, juu ya bomba, maana viti huku ni vya wahandisi. Nimewasomea barua yako mafundi wenzangu wote. Mpishi wa kambi hajaamini. Anasema mtu mwenye dada meya hawezi kuwa na viatu kama vyangu.

Mimi naamini, kwa sababu nilikuwepo tangu mwanzo. Wanawake walikuwa wakijifungulia kwenye benchi la zahanati, wagonjwa wa homa wamegeuzia nyuso ukutani. Ukaenda ofisi za halmashauri, ukarudi, ukaenda tena, mpaka karani akikuona anajificha chooni. Jioni moja ukaja karakana kwangu ukasema, "Kaka, nagombea udiwani." Nikakuchomelea fremu ya kubebea spika juu ya gari la jirani. Ikaanguka siku ya kwanza ya kampeni, na bado ukashinda. Kipindi cha kwanza ukasimamisha kuta. Cha pili ukaweka vitanda na kile chumba cha upasuaji, ambacho kila mtu alisema hakitapata daktari, na daktari akaja.

Yote hayo ulifanya ukiwa diwani tu, unabisha hodi kwenye milango ya watu. Sasa mlango ni wako. Ukisema, imesemwa.

Sina maombi mengi. Kipipa nilikukabidhi akiwa anatambaa, mama yake alipotutoka. Mama anayemjua ni wewe. Nina huyo tu. Namtaka ajifungulie kwenye wodi yako, na mimi niitwe babu.

Simu huku bado hazishiki, mlima umetuziba. Andika.

Kaka yako

---

3 Aprili

Kaka,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nafungua maduka. Siku hizi mtu akipaka rangi duka lake anamwita meya, na meya anakwenda, anakata utepe, anapigwa picha amekodoa macho.

Hiki ni cheo cha ajabu. Meya anaongoza vikao, jiji linaongozwa na mkurugenzi. Yeye kaletwa na wizara, wakuu wa idara wanaripoti kwake, na hakuna kinachonunuliwa bila saini yake. Ni mtu mpole sana. Nikimpelekea jambo ananyanyuka, anavuta kiti, anasema, "Tumelipokea, mheshimiwa." Nikirudi wiki inayofuata ananyanyuka tena, anavuta kiti kilekile.

Wodi imefungwa kwa muda. Wahandisi walikuta ufa kwenye ukuta wa upande wa bustani, wakasema ni hatari, na kweli hakuna anayetaka ukuta uwaangukie wazazi. Mkandarasi ameshapatikana. Wajawazito wanapelekwa hospitali kuu, ng'ambo ya mji, na daktari wetu wamemhamishia huko. Ni kwa muda mfupi tu. Mwezi wa Kipipa bado uko mbali.

Anakusalimu. Amenenepa mpaka lile jina tulilompa utotoni limemkaa upya.

Mdogo wako

---

20 Aprili

Mheshimiwa,

Dereva wa lori la chakula amepita mjini kwenu. Anasema wodi imezungushiwa mabati, ndani nyasi zimefika kiunoni, na hakuona fundi hata mmoja. Nimemwambia labda alipita saa ya chakula. Akasema alipita mara tatu, na mafundi gani hao wanakula asubuhi, mchana na jioni.

Mimi nachomelea vyuma. Ninajua ukuta wenye ufa unavyotibiwa, si kazi ya kumaliza msimu. Mwite huyo mkurugenzi mbele ya madiwani wote umwambie afungue. Kwani yeye alipigiwa kura na nani?

Usinielewe vibaya. Kila mtu huku ananiita Kaka wa Meya, na mpishi sasa ananiwekea ukoko. Ninachotaka ni kusikia kutoka kwako mwenyewe: itafunguliwa kabla ya Kipipa?

Kaka yako

---

9 Mei

Kaka,

Dereva wako anapenda kukuza mambo. Kazi inaendelea. Nimeongea na mkandarasi, ameniahidi.

Nina habari nyingine nzuri. Tumepata miche ya kupanda barabara yote ya stendi, na watoto wa shule watakuja kuimba. Joho nimelipunguza, sasa silikanyagi. Kipipa amejifunza kufuma, ametengeneza soksi moja, ya pili imegoma.

Mambo ya wodi niachie mimi. Usiniulize tena, tafadhali, maana nikianza kukueleza barua nzima itakuwa ya mkurugenzi.

Itafunguliwa.

Mdogo wako

---

16 Juni

Mdogo wangu,

Leo ni Jumanne na mimi ni mtu mwenye raha. Ulivyosema itafunguliwa nikatulia. Nikajiambia, huyu hajawahi kuniahidi kitu akakiangusha.

Nimeomba likizo mwisho wa mwezi. Msimamizi amesema ataangalia, na kwake hiyo ni karibu na ndiyo. Wenzangu wameanza kunifundisha ubabu. Mmoja amenichongea fimbo. Mpishi ananiuliza kila asubuhi kama mgongo unauma, nikisema hapana anasema bado sijaiva. Usiku naota nimembeba mtoto, sioni uso wake, ila nauhisi uzito.

Mwambie Kipipa asihangaike na soksi ya pili. Mguu mmoja utavaa leo, mwingine kesho.

Akiwa wa kike, mpeni jina la marehemu mke wangu. Akiwa wa kiume chagueni wenyewe, mimi nitamwita Mjomba Meya hata kama si mjomba wa mtu.

Babu mtarajiwa

---

30 Juni

Kaka yangu,

Barua yako imefika jana. Uliiandika mtoto akiwa ameshazikwa.

Kipipa yu mzima. Hilo nalitanguliza. Anatembea, anakula kidogo, kidonda kinakauka. Mtoto alikuwa wa kiume.

Nilipiga simu ya upepo ya ofisi ya kambi wakuite. Nilimpata karani, akauliza, "Nimwambie nini?" Nikakata. Sikuweza kumpa mtu nisiyemjua maneno hayo akuletee.

Ilikuwa Alhamisi, kabla ya barua yako. Mgeni mkubwa kutoka wizarani alikuwa anakuja, na tangu asubuhi nilikuwa ukumbini na joho langu, nimepangwa mstari wa kumpokea. Jirani akanipigia kwamba Kipipa ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake na chupa ya uzazi imepasuka. Niliondoka vilevile nilivyovaa. Tukampakia, dereva akaondoka kwa kasi kuelekea hospitali kuu.

Kwenye mzunguko wa zahanati tukasimamishwa. Barabara imefungwa kwa ajili ya msafara. Nikashuka, nikamwambia trafiki kuna mzazi ndani, mimi ni meya. Akasema, "Nakujua, mheshimiwa. Wewe ndiye uliyetutangazia redioni kwamba hakuna gari litakalopita." Ni kweli, Kaka. Waliniletea karatasi nisome, nikaisoma. Hakuwa mtu mbaya, jasho lilikuwa linamtoka. Akampigia mkubwa wake, mkubwa wake akasema ngoja naye aulize.

Nikarudi garini nikampima. Kitovu kilikuwa kimetangulia.

Wewe ni fundi, nikueleze kifundi. Kitovu kikitangulia, kichwa cha mtoto kinakibana na hewa yake inakatika. Dawa yake ni upasuaji, upesi. Mpaka ufike, mkunga anaingiza mkono na kukiinua kichwa kisilalie kitovu, na hautoi mkono huo. Nikampigisha Kipipa magoti kwenye kiti cha nyuma, kichwa chini, nikaingiza mkono. Nilisikia kitovu kinapiga kwenye vidole vyangu. Mtoto alikuwa hai. Kutoka pale niliyaona mabati ya wodi yetu, na juu yake dirisha la chumba cha upasuaji. Mtu angeweza kwenda kwa miguu.

Hakuna niliyeweza kumwamuru kitu. Dereva alipiga honi mpaka ikakauka. Msafara ukapita, ukachukua muda wake, magari meusi na king'ora, na watu waliosimama kando walipoona bendera kwenye gari langu wakanipungia. Kitovu kikapiga polepole. Tulipofunguliwa nilikuwa sisikii tena kitu, nikasema labda ni vidole vyangu vimekufa ganzi. Sikuutoa mkono mpaka mezani kwa daktari.

Nilikuandikia kwamba itafunguliwa. Siku ile nilikuwa nimetoka kwenye ofisi ya mkandarasi, nimekuta mlango umefungwa na jirani yake akaniambia amehama. Nilidhani nitapata njia kabla hujajua.

Mdogo wako

---

14 Julai

Kwa Meya,

Nimeomba ruhusa ya kuja. Msimamizi amesema milango ya bwawa inafungwa mwezi huu na hakuna fundi wa kuziba pengo langu, nikiondoka nisirudi. Nimebaki. Kwa hiyo nachomelea vyuma vyao huku mwanangu analia kwako.

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Sehemu ya mkono wako naifahamu. Sehemu ya mtoto naifahamu. Ninachoshindwa ni kimoja. Mtu ana ofisi, ana gari, mji mzima unamwita mheshimiwa. Anashindwaje kufungua mlango alioujenga mwenyewe? Nieleze kama unavyomweleza kibarua, sijasoma mambo ya vikao.

Na mwezi wa tano ulijua. Ungeniambia, ningemtoa Kipipa nimpeleke kwa mumewe, kule kuna hospitali karibu. Ulininyima hata hilo.

Baba Kipipa

---

2 Agosti

Baba,

Shangazi hajui kwamba naandika. Barua yako aliisoma akiwa amesimama, akaiweka kwenye kabati la vyombo, akaosha masufuria yaliyokuwa safi.

Mimi niko sawa kuliko mnavyodhani na vibaya kuliko ninavyosema. Mume wangu alikuja, akakaa siku chache, akaondoka na mzigo. Hakujua afanye nini na mikono yake. Maziwa yalikuja, Baba. Hakuna aliyenionya kwamba yatakuja. Shangazi alinifunga kitambaa kifuani, alikuwa amelitegemea hilo, maana amewafunga wengi.

Nina hasira naye. Usidhani nimetumwa kumtetea. Kuna siku namsikia anavua viatu mlangoni natamani nimrushie kikombe. Lakini ninaishi naye, kwa hiyo namwona.

Alijiuzulu. Aliandika barua, akaipeleka. Wakubwa wa chama wakaja hapa nyumbani, wakakaa kwenye kochi, nikawasikia nikiwa chumbani. Mmoja akasema, "Mama, ukiondoka sasa, wale wawili watarudi kushikana mashati. Tulikuweka kwa sababu huna madhara kwa mtu." Alisema kama anamsifu. Shangazi akauliza, "Na nikiondoka hivyohivyo?" Wakamwambia basi wodi ndiyo aisahau kabisa, kila kitu kitasimama mpaka uchaguzi mwingine. Wakanywa soda, wakaondoka na barua yake.

Sasa kila asubuhi anakwenda kukaa mlangoni kwa mkurugenzi. Si kwa kugomba, anakaa tu na mkoba wake magotini kama watu wengine wenye shida. Yule bwana anatoka, anamsalimu, anaagiza aletewe chai.

Yule trafiki alikuja kunipa pole. Nilimwambia aketi, hakuketi. Alisema, "Nilikuwa nasubiri wanijibu." Akalirudia hilo mara kadhaa, kisha akaondoka.

Uliuliza anashindwaje kufungua mlango wake. Mimi pia sijui, Baba. Ninachojua ni kwamba niliuhisi mkono wake njia nzima, ulikuwa unatetemeka mpaka begani na hakuutoa. Huyo ndiye ninayemkasirikia. Wengine siwaoni, wako nyuma ya milango.

Usimwandikie "Kwa Meya" tena. Ukitaka kumtukana, mtukane kama dada yako.

Kipipa

---

19 Agosti

Kaka,

Uliniomba nikueleze kama kibarua. Nimejaribu mara nyingi na kila mara naishia kuchana.

Ufunguo wa wodi alikuwa nao mkandarasi. Mkandarasi anaamriwa na mkurugenzi. Mkurugenzi anasubiri wizara. Wizara inasema jambo hilo ni la jiji. Na jiji, ukiuliza ni nani, wananionyesha mimi. Nimezunguka duara hilo tangu Machi. Wote wananiheshimu. Hakuna hata mmoja aliyenikatalia, na hilo ndilo lililoniponza, maana mtu akikukatalia unajua pa kusukuma.

Mabati yametolewa. Si kazi yangu. Mgeni yule wa wizarani aliulizwa na waandishi wa habari kuhusu mtoto aliyefia kwenye foleni ya msafara wake, akaaibika, akapiga simu moja. Mafundi walikuja siku iliyofuata, na ule ufa wakauziba kwa siku chache, kama ulivyosema.

Wakaniambia nikakate utepe. Nilikataa. Kipipa akaniambia, "Shangazi, usipokata watatafuta siku nyingine ya mtu mwingine kukata, na leo kuna wanawake wangapi wa kujifungua?" Nikaenda. Nikavaa joho. Waliweka bango lenye picha yangu, wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akanikumbatia akaniambia Mungu akupe maisha marefu, bila wewe tungekwenda wapi. Nilisema asante.

Baada ya hotuba nikaingia ndani peke yangu. Nilitaka kunawa nibaki, nifanye zamu kama zamani. Muuguzi mkuu akanishika mkono kwa upole akasema haiwezekani, mheshimiwa, leseni yako ya ukunga imekwisha muda na wewe si mtumishi wa hapa tena. Ana haki. Nikatoka.

Kipipa ataondoka mwisho wa mwezi kwenda kwa mumewe. Hajagombana na mimi. Anakunja nguo zake. Za mtoto ameziacha kitandani na sijui kama ananiachia au amesahau, na siwezi kumuuliza.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uniandikie, hata mstari mmoja wa hasira.

Mdogo wako

---

1 Septemba

Mdogo wangu,

Hasira ninayo. Nilikuwa nimekuandikia kurasa za kutosha, nikazisoma, nikaona mtu anayetukanwa humo simjui. Ana nguvu nyingi mno.

Bwawa limefungwa. Maji yanapanda, na sisi mafundi tumeambiwa asanteni. Lori litanishusha Ijumaa mchana. Mpishi alitaka kunifungia chakula cha safari, akashindwa kunitazama, akampa mwenzangu aniletee.

Kipipa mwambie anisubiri, asiondoke kabla sijamwona. Nguo za mtoto usiziguse. Nitamuuliza mimi, na akinyamaza tutanyamaza.

Usije stendi na lile gari. Nitakuja kwa miguu, nitapitia mlango wa uani. Sijui nitakwambia nini, na nadhani siku ya kwanza sitakwambia kitu. Usikimbilie kunipikia, usikimbilie kunieleza. Kaa tu sebuleni, nami nitakaa.

Wakija watu na shida zao, waambie meya hayupo.

Kaka yako